Ndoano ya -cho-

Anza na vichwa hivi vitatu.

Mwanamume arudi nyumbani ghafla, alichokikuta chumbani chamwacha hoi. Mwanamuziki tajika avunja kimya, afichua kilichomfanya amwache mkewe. Mama mboga apewa begi na mtu asiyemjua, kilichokuwa ndani chawaliza wengi.

Nimevitunga mwenyewe asubuhi moja nikingoja chai ichemke, na vyote vitatu vimenichukua dakika nne hivi. Hakuna mwanamume, hakuna mwanamuziki, hakuna begi. Lakini wewe unayesoma hapa ushaviona, au umeona ndugu zake, na kati ya hivyo vitatu kuna kimoja ambacho kidole chako kingekibonyeza kabla akili haijaulizwa. (Mimi ni lile begi.)

Viangalie tena. Alichokikuta. Kilichomfanya. Kilichokuwa. Hiyo -cho- ndogo iliyobanwa katikati ya kitenzi ndiyo inafanya kazi yote. Shuleni tulifunzwa kwamba ni kirejeshi, kwamba inarejelea nomino ya ngeli ya KI-VI ambayo ishatajwa: kitabu nilichonunua, chakula kilichobaki. Unajua ni kitabu, unajua ni chakula. Kwa kichwa cha habari cha mtandaoni nomino imeng'olewa, kirejeshi kimebaki peke yake kinarejelea hewa. Ni kama mtu akunyooshee kidole, "ona kile!", ukigeuka hakuna kitu, na yeye ashasimama mlangoni anakusanya kiingilio.

Kiingereza kikitaka kuficha kitu hivyo lazima kichomeke neno zima, wakati mwingine mawili, na msomaji anaona kabisa kwamba anafichwa. Sisi silabi moja inatosha, na imeshonwa ndani ya kitenzi vizuri hadi huoni uzi. Na ngeli yenyewe ina mali: kitu, kisa, kioja, kitendo, kilio, kifo. Hata kichwa cha habari kimo humo. Sidhani kuna mtu aliyeketi akapanga hivi. Lakini mwandishi akishinda mwaka mzima mbele ya grafu inayopanda na kushuka, lugha hujipanga yenyewe kuelekea pale grafu inapanda.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Denmark, Jonas Nygaard Blom na Kenneth Reinecke Hansen, walichapisha utafiti juu ya vichwa vya habari 100,000 kutoka tovuti 10 za habari za kwao. Walichokuwa wakitafuta (ona, hata mimi) ni huu mtindo wa kurejelea mbele, yaani kutaja kitu ambacho msomaji hawezi kukijua mpaka afungue. Wakaona kwamba unashamiri pale ambapo biashara na udaku vinatawala zaidi. Kidenmaki kina njia zake za kuficha, hakina -cho-. Ugonjwa ni mmoja, kila lugha inaugua kwa kiungo chake.

Watu wakikasirishwa na vichwa hivi husema ni uongo. Mimi naona hapo ndipo tunakosea shabaha, kwa sababu mara nyingi si uongo. Mwanamume alirudi nyumbani kweli. Alikuta bomba limepasuka na kitanda kinaelea. Ukienda kushtaki utashindwa kesi. Ubaya uko mahali pengine, na ili kuuona inabidi tutoke mtandaoni kidogo.

Wanaotetea mtindo huu huniambia kwamba Mswahili ameficha jambo ili asikilizwe tangu zama za zama, na wako sawa kabisa. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Watu wanahangaika, huyu anasema kaburi, yule anasema chupa, na wakishindwa mtegaji anadai: nipeni mji. Anapewa Kisumu anakataa, anapewa Nakuru anakunja uso, mpaka apewe Mombasa. Akishafika huko, akala, akanywa, akapokewa kama waziri, ndipo anasema: ni yai.

Ukitazama, mchezo huo ni mkataba. Maelezo uliyopewa yanatosha. Nyumba, haina mlango, ukikaza akili unaweza kutegua mwenyewe na usitoe hata kijiji. Bei inajulikana kabla. Ukilipa unapata jibu hapo hapo, mbele ya mashahidi, na jibu likija linakurudisha kwa swali na unajipiga kipaji: kumbe! Halafu zamu inahama. Wewe pia unaweza kutega, na yule aliyekula Mombasa yako atakuja kukupa Nairobi.

Sasa jaribu kutegua kilichokuwa ndani ya begi. Huwezi. Hakuna dokezo lolote. Ni giza tupu lililowekwa taa pembeni. Mji unatozwa mlangoni, tena kila mtu anatozwa, aliyeshindwa na ambaye hakupewa nafasi ya kujaribu. Na zamu yako haitafika.

Tulipe tu, tuingie. Najua hizi kurasa kama njia ya kwenda dukani, kwa hivyo nitakutembeza. Aya ya kwanza inarudia kichwa cha habari kwa maneno mengine: mama mboga mmoja amewaacha wengi na machozi baada ya kupokea begi. Aya ya pili inatuambia mama huyo anauza mboga. Halafu tangazo la kamari, lenye alama ndogo ya kulifunga ambayo imetengenezwa kwa kidole cha mtoto mchanga. Ukikosea umepelekwa kwa kampuni ya kamari. Halafu maandishi mekundu: Pia soma, mchungaji asimamisha ibada, alichokisema chazua gumzo. Ona hapo hujapata jibu la kwanza na ushategewa la pili. Aya ya tatu inasema kuna video inayosambaa mtandaoni. Video yenyewe iko chini, inajichezea bila kuulizwa, na kama uko kwa bando ya shilingi 20 unaisikia ikitafuna.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ile ya hisia mseto. Wakenya watoa hisia mseto. Wanamtandao wawa na hisia mseto. Mimi nimekua nikijua mseto ni wali uliopikwa na pojo, na baadaye kidogo nikajua serikali ya mseto. Huu wa tatu ni wa ajabu kwa sababu ukiusoma haujachanganywa na chochote: mtu wa kwanza amesema Mungu ni mwema, wa pili amesema Mungu ni mwema sana, wa tatu ameuliza begi kama hilo linauzwa wapi. Maneno yao yamenakiliwa kama yalivyo, bila kuulizwa, bila malipo, yakaitwa habari. Nusu ya makala imeandikwa na wasomaji wa makala nyingine.

Jibu? Mara nyingine liko aya ya tisa: unga, sukari, mafuta ya kupikia na noti ya elfu moja. Mara nyingine halipo kabisa kwa maandishi, liko ndani ya ile video, na kama bando imekatika umebaki Mombasa bila nauli ya kurudi.

Msamiati wenyewe ni wa kuchunguzwa. Kila msanii "anafunguka", utadhani ni milango. Kila mtu "anavunja kimya", hata ambaye jana alikuwa mubashara saa tatu mfululizo akiuza manukato. Mitandao "inachemka" kila siku na haijawahi kuiva. Mtu akisema jambo dogo "ameibua mjadala". Haya yalikuwa maneno mazuri. Kuvunja kimya ni tendo zito. Kuna watu nchini hii waliokaa miaka na jambo moyoni, na siku waliyolisema maisha yao yalibadilika. Tukimpa kila muuza manukato neno hilo, yule mwingine atapewa neno gani siku akijitokeza?

Biashara yenyewe si mpya, nitaipitia haraka. Mwaka 1833 kule New York, Benjamin Day alianza kuuza gazeti la The Sun kwa senti moja wakati mengine yalikuwa senti sita. Senti moja haikulipa gharama, lakini Day alikuwa na bidhaa nyingine: umati wa wasomaji, ambao aliwauza kwa wenye matangazo. Miaka miwili baadaye gazeti hilo likachapisha mfululizo wa makala kwamba mwezini kuna viumbe wenye mabawa wanaofanana na watu. Sifa za ugunduzi huo likampa John Herschel, mwanaastronomia halisi, ambaye wakati huo alikuwa mbali kule Cape, Afrika Kusini, hana habari. Udaku wa leo haujafika mwezini, tuupe heshima yake.

Lakini gazeti la karatasi lina jambo moja ambalo simu imelipindua. Katikati ya Nairobi asubuhi, watu bado husimama mbele ya magazeti yaliyotandazwa chini wakasoma kurasa za mbele bila kununua. Muuzaji anawavumilia, anawavumilia, halafu anawavumbulia: wewe, nunua ama songa. Kwa miaka mingi vichwa vile vimemlisha asiye na hela. Mtu anaenda mjengoni akijua nani amefutwa kazi, nani amekufa, mafuta yamepanda kiasi gani. Kichwa kilikuwa na habari ndani yake, na ukinunua ulikuwa unanunua zaidi ya hiyo. Mtandaoni kile cha bure ndicho kimenyofolewa. Ukipitisha kidole chini kwa nusu saa unaweza kusoma vichwa mia na usijue kitu hata kimoja kilichotokea siku hiyo. Mzee aliyesimama dakika mbili pale barabarani anakushinda.

Walioligeuza hili kuwa sayansi hawakuwa watu wa udaku, na hapo ndipo panaponitatiza. Upworthy ilianzishwa Marekani mwaka 2012 na watu waliotaka habari zenye maana zisomwe kama udaku unavyosomwa. Waandishi wao waliagizwa kutunga vichwa 25 kwa kila habari, kisha vichache vinajaribiwa kwa wasomaji halisi kuona kipi kinabonyezwa. Nia ilikuwa njema. Rekodi za majaribio hayo baadaye zikawafikia watafiti, na mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour likachapisha uchambuzi wa matoleo kama 105,000 ya vichwa yaliyoleta mibofyo kama milioni 5.7. Kwa kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno baya liliongeza mibofyo kwa asilimia 2.3. Kwa hivyo mwandishi mwenye nia njema, akifuata namba tu, atafika kwa kilio na kifo bila kukusudia.

Na kuna namba nyingine ambayo naiona kubwa kuliko hiyo. Agosti 2014 Facebook ilitangaza kwamba inaanza kushusha machapisho ya aina hii. Ikaeleza kwamba ilipowauliza watu wanapendelea vichwa gani, mara 80 kati ya 100 walichagua vile vinavyowasaidia kuamua kama wanataka kusoma habari nzima kabla ya kubonyeza. Watu waliulizwa, wakajibu. Kidole nacho kikaendelea na mambo yake. Mwenye tovuti husema kidole ndicho kinachosema ukweli na mdomo unajifanya. Mimi sikubali. Nikipita karibu na muuza mahindi choma pua yangu inageuka, haimaanishi niliamka nikitaka mahindi. Kuna tofauti kati ya kumpa mtu anachotaka na kumgusa pale asipoweza kujizuia, na tofauti hiyo haionekani kwenye grafu kwa sababu grafu inahesabu pua.

Nimeziona hizo grafu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo shule yangu ya uandishi imekuwa wahariri wa WhatsApp wanaolipa kwa makala. Mmoja wao, wa tovuti ambayo sitaitaja, alinikubalia makala juu ya mzee mmoja wa Likoni anayetengeneza redio za zamani. Kibanda chake ni upana wa mlango. Anafanya zile redio za betri kubwa, na anazo pia kaseti ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua tangu miaka ya tisini. Mkewe alifariki, na redio ya mkewe anayo hapo juu ya rafu. Siku moja aliifungua kuisafisha akakuta ndani vumbi, mende mkavu na risiti ya betri. Ilikuwa sentensi moja katika makala ya maneno 900. Kichwa changu kilisema fundi wa Likoni bado anatengeneza redio.

Ilipotoka ilikuwa hivi: Fundi wa Likoni afungua redio ya marehemu mkewe, alichokikuta ndani chamtia baridi.

Ile risiti ilikuwa imeondolewa, ati makala ilikuwa ndefu. Kwa hivyo ukisoma hadi mwisho hujui alikuta nini, na pale palipoachwa wazi watu walijaza wenyewe. Unajua Pwani tunajaza na nini. Kufikia jioni komenti zilikuwa zishamweka jini ndani ya redio, jini limepewa jina, na mtu mmoja aliyedai kuwa jirani akasema siku zote alishuku. Kwa haki, walikuwa wanategua. Walipewa kitendawili kisicho na jibu, wakafanya kile ambacho watu wenye akili hufanya.

Binti yake ndiye aliyenipigia. "Hebu niambie, umeandika nini kuhusu baba?" Nikamsomea niliyoandika. Akanisomea iliyotoka. Tukanyamaza wote. Kuna mama aliyekuja kuchukua redio yake ikiwa haijatengenezwa, akasema ataipeleka mjini, ng'ambo. Vijana walikuwa wanapita kibandani kupiga picha ile rafu. Kisha simu akapewa mzee mwenyewe, na yeye hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa tu. "Mwanangu," akasema, "kwani mimi nilikuta nini mle ndani?"

Nilimwandikia mhariri. Akanirudishia picha ya grafu na maneno matatu: imefanya vizuri, tusiiguse. Makala hiyo iliongoza wiki hiyo. Nililipwa shilingi 800 kama kawaida. Mzee hakulipwa chochote, na ukihesabu redio zilizoondoka kwa rafu, yeye ndiye aliyelipia.

Ninaposema kuna mtu anaumia, basi, sizungumzii "jamii" wala "utamaduni wa kusoma". Tunapenda sana kuongea juu ya dakika za msomaji zilizopotea, na ni kweli zinapotea, pamoja na bando. Lakini msomaji anafunga ukurasa, anatukana kidogo, anaendelea na maisha. Anayebaki ndani ya kile kichwa ni yule aliyeandikwa. Yeye ndiye "mwanamume", ndiye "mama mboga". Jina limefichwa kwenye kichwa ili ubonyeze, si ili alindwe. Ukifungua lipo, na picha ipo, na mtaa upo.

Turudi kwa wanaosema Waswahili tumeficha siku zote, maana sijawamaliza. Chukua kanga. Nenda Biashara Street, Mombasa, kwa Kaderdina, wale wa Mali ya Abdulla, usome majina yaliyochapwa pale chini. Maneno matano, sita. Kila jina limekamilika. Linasema jambo zima na linaeleweka na mtu yeyote. Kinachofichwa ni nani anasemwa. Mvaaji anajua, jirani anajua, wewe uliyepita njia unabaki na methali nzuri na huna deni. Ni siri inayotunza heshima ya watu: anayesemwa hajatajwa, na aliyesema anaweza kukana. Kichwa cha mtandaoni kinageuza nguo ndani nje. Kinamwonyesha mtu na kuficha jambo.

Au chukua simulizi za Facebook, zile za sehemu ya kwanza hadi ya sitini. Najua wasomi wanazicheka. Mwandishi anakufikisha pale ambapo bastola imetolewa halafu anaandika: like zifike 300 niendelee. Au anasema sehemu zilizobaki ziko kwa WhatsApp, tuma kiasi fulani. Mimi siwacheki hawa. Wametoka kwa ukoo wa hadithi za magazetini, zile ambazo Eric Shigongo wa Tanzania aliziandika kwa mfululizo kwenye magazeti ya udaku na watu wakangoja toleo lijalo kama mshahara. Bei imetajwa waziwazi, na kabla ya kuombwa mji ushapewa sura nzima, watu, kisa, mvua, bastola. Unangoja kwa sababu umeshiba kiasi cha kujua chakula ni kizuri. Zingine zimeandikwa vibaya, maze, koma hazipo kabisa. Lakini mwandishi na msomaji wanajuana, na akiwadanganya watamwambia hapo hapo chini, naye atajibu.

Kwa hivyo kuficha si dhambi. Swali ni kama kuna kitu nyuma ya pazia, na kama aliyelivuta atakuwepo ukirudi kumuuliza.

Kuna hoja moja iliyobaki na ndiyo huwa inatolewa mwisho, kwa sauti ya kuchoka: Mkenya hasomi. Ukimpa kichwa kinyoofu atapita. Lazima umdanganye kidogo ili ale mboga. Nimeisikia kwa wahariri, kwa walimu, hata kwa waandishi wa vitabu ambao hawajauza.

Mwezi wa Juni 2024 nilikuwa nchini hii na nadhani nawe ulikuwepo. Mswada wa Fedha ni waraka ambao hakuna binadamu anayepaswa kuusoma kwa raha. Ni vifungu vinavyorekebisha vifungu vya sheria nyingine ambazo huna. Na watu waliusoma. Waliusoma kwa simu, wakaukata vipande, wakaueleza kwa video za Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kiswahili cha mtaani, kwenye TikTok ile ile na X ile ile ambazo tunasema zimetuharibu bongo. Na hebu kumbuka vilivyosambaa vilisemaje: mkate kutozwa VAT ya asilimia 16. Ushuru wa gari, asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Hakuna kilichofichwa. Mtu aliyesoma mstari huo mmoja na asifungue chochote tayari alikuwa anajua jambo, kama yule mzee wa magazeti ya barabarani, na bado akafungua, kwa sababu sasa alikuwa na swali lake mwenyewe. Ni kifungu gani? Wameandika hivyo kweli? Ni wabunge gani wanaunga mkono?

Tarehe 25 watu waliingia Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Rais akasema hatatia sahihi. Sitasema ni kusoma kulikofanya yote hayo. Njaa ilifanya, hasira ilifanya. Nasema tu kwamba hoja ya Mkenya hasomi ilipata siku mbaya.

Wiki moja kabla, nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha matatu iliyosimama stendi ikingoja kujaa. Makanga na dereva walikuwa wanabishana kuhusu ule ushuru wa gari, kama unahesabiwa kwa thamani ya gari likiwa jipya au lilivyo sasa, na ilikuwa muhimu kwao kwa sababu lile gari, wacha tu. Makanga alikuwa amefungua waraka wenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka, anasukuma kurasa kwa kidole gumba, anatafuta. Dereva akamwambia aangalie mwanzo kwanza kama ndio ule wa ukweli ama ni wa kutengenezwa. Akarudi juu hadi ukurasa wa kwanza, akausoma kwa sauti ili abiria pia wasikie: Mswada wa Fedha, 2024. Abiria mmoja akasema ndio huo, teremka sasa, tafuta magari.